Moshi, Machozi na Gongo

Neno mzinga, hapa Dar es Salaam, lina kazi nyingi kuliko zile ambazo kamusi imezikubali. Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani likatundikwa mtini ili nyuki waingie. Mzinga ni silaha, ile inayopigwa mara 21 mkuu wa nchi anapopewa heshima zake. Baa ukisikia "lete mzinga na glasi nne", hapo panaagizwa chupa kubwa ya pombe kali. Na kijiweni, kijana wa bodaboda akisema mwenzake "kala mzinga", maana yake ameanguka na pikipiki, na swali linalofuata ni kama yuko hai. Hakuna kamati iliyoketi ikaamua kwamba chupa na ajali ziitwe jina moja. Mji wenyewe ndio ulioamua, na kwa maoni yangu uliamua kwa busara.

Napenda istilahi. Napenda zile za vitabuni, zilizojadiliwa vikaoni na kupigwa muhuri, na napenda zaidi zile unazozikuta zimeshaanza kazi kabla mtaalamu hajaamka. Ndiyo maana nilikodi pikipiki kwa siku nzima, kutoka Msasani hadi kiwanda cha konyagi kule Chang'ombe, kisha nikaendelea na Barabara ya Kilwa mpaka Mkuranga kwenye mikorosho. Nilitaka kujua kama Kiswahili kina maneno ya kuisimulia safari ya namna hii kuanzia tairi hadi tone, bila kukopa sentensi nzima ya watu wengine. Wenzetu wa Uskoti wana msamiati mzima wa viwanda vya wiski, na watalii hupanda pikipiki bonde kwa bonde kwenda kuvitazama. Sisi je?

Tuanze na chombo chenyewe. Pikipiki ilijitaja jina: ni mlio wa injini, na mtoto yeyote angeweza kulitunga. Bodaboda lilikuja baadaye na lilitoka mbali. Lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine huku wakilitaja neno la Kiingereza la mpaka mara mbili mbili. Baiskeli zikapisha pikipiki, neno likabaki. Tanzania ilitunga kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria mwaka 2010, na kufikia wakati huo hapakuwa na haja ya kumweleza mtu bodaboda ni nini. Bajaji nayo ni jina la kampuni ya India lililogeuka kuwa jina la kila chombo cha magurudumu matatu, hata kile kilichotengenezwa na kampuni nyingine.

Kijana aliyenibeba yuko kijiwe kimoja cha Msasani Macho. Nilimwomba kofia ngumu, kama yanavyosema mabango ya polisi. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Elementi? Ipo, mzee." Hilo ndilo neno lenyewe, helmeti iliyopita katika ndimi za vijana ikatoka elementi, na ukilitamka vingine utaeleweka lakini utajulikana kuwa mgeni wa kijiwe. Kofia ngumu ni maelezo, nayo ni maelezo mazuri, ila hakuna anayeyatumia akiwa na haraka.

Neno linalonifurahisha kuliko yote kwenye pikipiki ni digadi. Waingereza walileta jina moja la ile kinga ya matope iliyo juu ya tairi. Sikio la Mswahili likasikia silabi ya kwanza ma-, likajua kwamba hii ni ngeli ya ma-, basi yakiwa mengi ni madigadi na likiwa moja ni digadi. Vivyo hivyo kipilefti, mzunguko wa barabarani, lililotoka kwenye kibao kilichomwamuru dereva ashike kushoto. Ki- ilipoonekana mwanzoni, wingi ukawa vipilefti bila mjadala. Walimu wa isimu huyapenda maneno haya mawili, na wana haki, kwa sababu yanaonyesha sarufi ikifanya kazi yenyewe, gereji na barabarani, bila mwalimu kusimama mbele.

Kuna maneno ya pikipiki ambayo hayachekeshi. Mshikaki ni abiria wawili au watatu waliochomekwa nyuma ya dereva mmoja. Kuchomekea ni kuingiza chombo katikati ya foleni pasipo nafasi. Hesabu ni fedha ambazo dereva humpelekea mwenye pikipiki kila jioni, awe amepata wateja au hakupata, na mkataba ni yale makubaliano ya kupeleka hesabu kwa miezi mingi mpaka chombo kiwe chake. Kijana wangu alisema, "Niko kwenye mkataba," kwa sauti ileile ambayo mtu hutumia kusema yuko kwenye dozi. Ukitaka kujua kwa nini vijana huendesha kama wanavyoendesha, usianze na tabia zao. Anza na neno hesabu.

Tukapita Namanga, tukatokea Moroko, tukashika Barabara ya Kawawa. Hii Namanga ya Msasani ni jina moja na Namanga ya mpakani na Kenya, na huko mpakani kuna neno linalobadilika ukivuka tu. Tanzania kangara ni pombe ya kienyeji, unaikuta kilabuni, unakunywa. Kenya, katika taarifa za polisi, kangara ni ule mchanganyiko uliochachuka unaosubiri kupikwa uwe chang'aa, wala si kinywaji cha mwisho. Neno moja liko hatua mbili tofauti za kazi moja. Mtunga kamusi asiyeijua kazi yenyewe ataandika "aina ya pombe" na kupita, na atakuwa amepoteza nusu ya maana.

Kawawa inashuka bonde la Mkwajuni, inapanda, inakufikisha Magomeni. Hapo pana kituo kinachoitwa Mapipa. Pipa tulilipata kwa Wareno, na kwao ni chombo cha mbao cha kuwekea divai. Kwetu pipa likawa la bati, la mafuta, la maji, la taka, na kwa wapikaji wa siri likawa jiko. Nitalirudia neno hili.

Halafu Ilala, halafu Barabara ya Nyerere, halafu Chang'ombe yenyewe, wilaya ya Temeke. Eneo hili ni la viwanda: malori yamejipanga, mama lishe wako kando ya kuta, na hewani pana harufu ya vitu vingi vinavyochemshwa kwa pamoja. Hapa ndipo ilipo Tanzania Distilleries, inayotengeneza konyagi tangu miaka ya 1970. Nilimwuliza kijana wangu kiwanda hiki kinaitwaje. "Kiwanda cha Konyagi." Nikamwuliza kwa jumla, kiwanda chochote cha namna hii kinaitwaje. Akafikiri, akasema, "Kiwanda cha pombe kali." Muuza maji aliyekuwa karibu akakubali. Hakuna mtu Chang'ombe mwenye neno moja la kazi hiyo, ingawa kazi yenyewe imefanyika mbele ya macho yao maisha yao yote.

Konyagi lenyewe ni neno la kuhiji kwalo. Kuna mji Ufaransa uitwao Cognac, na brandi ya huko inalindwa kisheria: ni lazima itokane na zabibu za eneo hilo, ikenekwe (neno nitakalolieleza mbele) mara mbili, ilale katika mapipa ya mbao kwa miaka. Kiswahili kililichukua jina hilo kama jina la jumla la brandi. Kisha kiwanda cha Dar es Salaam kikalipa kinywaji chake, kinywaji kisicho na zabibu wala pipa la mbao, cheupe kama maji, chenye nguvu ya asilimia 35, kinachotokana na miwa. Leo ukimwambia mtu wa Temeke kwamba konyagi ni ya Kifaransa, atakuona huna habari. Hata silabi ya kwanza wameiona nzito, wakaiacha: nyagi. Neno limehama nchi, limebadili zao, limebadili rangi, limefupishwa, na limekuwa letu kabisa.

Vifungashio vyake navyo vilizaa majina. Chupa kubwa ni mzinga, kama nilivyosema. Ile ndogo iliyo bapa, inayoingia mfuko wa nyuma wa suruali, ni kibapa. Na palikuwa na kiroba. Kiroba cha kawaida ni mfuko wa unga au wa mchele, lakini kwa miaka mingi kiroba kilikuwa kipakiti cha plastiki cha pombe kali, bei yake ya chini, kilichouzwa mpaka kwenye vibanda vya vocha. Dereva alikikata kwa meno akiwa kwenye mataa. Wanafunzi walikificha kwenye soksi. Serikali ilivipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya jambo jema. Kipakiti kimetoweka, lakini jina bado linafahamika na kila aliyekuwa mtu mzima mwaka ule.

Wiski tunayo kama neno tu, limeandikwa kwa silabi mbili nyepesi, nalo linatuepusha na ugomvi wa Waskoti na Waairishi juu ya herufi moja. Asili yake ni maneno ya Kigaeli yenye maana ya maji ya uhai. Kinachonishangaza ni jinsi Kiswahili kilivyo tayari kueleza inavyotengenezwa. Nafaka iliyolowekwa ikaota kisha ikakaushwa, Waingereza wana neno lake, na sisi tunalo la kwetu tangu enzi na enzi: kimea. Mama yeyote anayepika togwa au mbege anajua kimea cha ulezi kinavyonukia kikiwa tayari. Shayiri tunayo. Chachu tunayo. Mabaki tunayaita machicha. Hata mti wa mapipa, mwaloni, tunao kwa jina ingawa hatunao shambani: watafsiri wa Biblia waliuhitaji kwa ajili ya Ibrahimu na ile mialoni ya Mamre, wakautia katika lugha, ukakaa. Ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba wiski hulazwa kwenye mwaloni kwa muda usiopungua miaka mitatu, kama sheria ya Uskoti inavyodai, atadhani unasema soko la samaki la Kirumba, maana mwalo kwao ni ufuko wa kuegeshea mitumbwi. Ni neno jingine kabisa lililovaa sauti ileile.

Kwa hiyo kimea tunacho na pipa tunalo. Pengo liko katikati, kwenye kitendo chenyewe. Kamusi inatupa keneka: kuchemsha kiowevu kiwe mvuke, kisha kuupoza mvuke uwe kiowevu tena. Nalipenda. Ni fupi, linanyambulika vizuri, linatoa ukenekaji, mkenekaji, kenekwa. Kasoro yake ni kwamba halina mahali pa kuishi. Sekondari zetu zinafundisha kemia kwa Kiingereza, basi mwanafunzi anayefika kwenye somo hilo analikuta kwa jina la kigeni. Kiwandani wahandisi wanasema jina la kigeni. Mitaani watu wanasema kupika. Keneka limebaki kwenye ukurasa wa kamusi, limevaa vizuri, likisubiri kuitwa.

Kupika, hilo ndilo neno hai. Kupika gongo, mpika gongo, siku ya kupika. Vyombo vyake ni mtambo, na hata taarifa ya polisi wa Temeke inaposema wamekamata "mitambo ya gongo", msomaji anaona picha moja kwa moja: pipa, mrija, beseni la maji, kuni. Na kinywaji chenyewe kina majina ambayo nimeyasikia tangu utotoni bila kuyaunganisha. Kinaitwa moshi. Kinaitwa machozi ya simba. Kinaitwa gongo, yaani rungu, fimbo nene ya kumpiga mtu kichwani. Ukiyaweka majina haya matatu kwa mpangilio, umeueleza mchakato mzima. Moshi ndicho kinachopanda kutoka pipani. Machozi ndiyo yanayodondoka mwisho wa mrija. Gongo ndicho anachokipata mnywaji. Watu ambao hawakufundishwa kemia walikitazama kitu kikigeuka hali mara mbili, wakakipa jina kwa kila hali, na jina la tatu wakaliweka kwa matokeo yake. Sijaona kamati iliyofanya kazi bora kuliko hiyo.

Jina la kwanza liliingia hadi bungeni. Mwaka 1966 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti utengenezaji wa pombe iliyokenekwa, na sheria hiyo, iliyoandikwa kwa Kiingereza tupu, ilishindwa kukitaja kinywaji bila neno la Kiswahili. Inaitwa Sheria ya Moshi. Aliyeisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani inahusu mji ulio chini ya Kilimanjaro. Uganda walifanya vivyo hivyo katika miaka hiyohiyo, sheria yao ikachukua jina la enguli, na kinywaji kilichopitishwa kiwandani kikawa waragi. Kenya walipiga chang'aa marufuku mwaka 1980, wakaiondoa marufuku hiyo mwaka 2010 kwa sheria iliyoruhusu itengenezwe kwa leseni na kupimwa.

Sitetei gongo. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Kinywaji hicho nacho kilikuwa na jina lililotoka midomoni mwa watu, kumi kumi, kwa sababu glasi iliuzwa shilingi kumi. Sheria ina haki ya kuwapo. Lakini marufuku ilifanya jambo ambalo watunga sheria hawakulikusudia: ilifukuza istilahi pamoja na kinywaji. Fundi seremala anaweza kukutajia kila kifaa chake mbele ya askari. Mpika gongo hawezi. Maneno yake yalijificha naye porini, na yanazeeka naye.

Ndiyo maana hatukuishia Chang'ombe. Tulipita Mtoni, Mbagala, Rangi Tatu, Kongowe, mji ukaanza kuachia nafasi, mikorosho ikajitokeza pande zote mbili za barabara. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho, na chini ya miti mabibo yalikuwa yameanguka, mekundu na ya manjano, harufu yake ya utamu mkali ikitufikia barabarani. Bibo ni lile tunda laini ambalo korosho hung'ang'ania chini yake. Wafanyabiashara huchukua korosho na kuliacha tunda lioze. Watu wa kusini, Mtwara na Lindi, hulikamua wakapata uraka, na uraka ukipikwa unakuwa nipa, jina la huko la gongo ya mabibo. Msasani nako pana Mikoroshini, na mjini pana mtaa wa Mabibo wenye nyumba na hosteli tu. Majina yanatunza kumbukumbu ya miti ambayo watu wameshaikata.

Mwenyeji wangu ni bibi mmoja ambaye kijana wa bodaboda anamjua kwa upande wa mama yake. Aliacha kupika zamani, baada ya watoto wake kumaliza shule, na sitasema anaishi kijiji gani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni kivulini, jua hili si la kusimama."

Nilimweleza nimekuja kwa ajili ya maneno. Alicheka, kisha akaona sina mzaha, akaanza. Mabibo unayakamua, maji yake unayaacha yachachuke mpaka yatulie. Yakitulia, yaani povu limekoma, yameiva. Hakusema yamechacha, kwa sababu kwake yaliyochacha ni yaliyoharibika. Unayatia pipani, unaziba kila ufa kwa unga uliokandwa, "moshi usitoroke". Hakusema mvuke hata mara moja. Mvuke kwake ni wa chungu cha wali. Mrija unatoka juu ya pipa unapita kwenye maji ya baridi, na maji hayo lazima yabadilishwe, kwa maana yakipata joto moshi hauoni sababu ya kulia.

"Kulia?" nikauliza.

"Moshi ukikutana na baridi unalia. Ndiyo machozi hayo."

Nikamwuliza unajuaje moto uko sawa. Hapo akainua kidole, akagonga hewa taratibu: ndo, ndo, ndo. Ikitoka ndo ndo ndo, moto umetulia. Ikitoka chururu, vuta kuni nje upesi, kwa sababu moto ukiwa na haraka maji nayo yanapanda na utapata kitu kisicho na maana. Inayotangulia kabisa, akasema, usimpe mtu, hiyo ina kichaa. Ya mwisho ni maji maji, unairudisha pipani siku nyingine.

Nilikaa kimya kwa muda. Tangu shuleni naijua methali isemayo chururu si ndo ndo ndo, na siku zote niliichukua kuwa ya mvua na paa. Mbele ya bibi huyu ilikuwa kipimo cha ufundi. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100, na methanoli, ile yenye kichaa, kwenye nyuzi 65 hivi. Kazi yote ya mkenekaji, awe Uskoti au Mkuranga, ni kukaa kati ya namba hizo bila kuvuka. Mskoti ana kipimajoto na kasha la vioo. Bibi alikuwa na sikio, na lugha ilimpa maneno mawili ya kulisaidia sikio hilo.

Kijana wangu wa pikipiki, ambaye alikuwa akichezea simu, aliiweka simu chini. Akamwuliza bibi kama anakumbuka maneno mengine. Bibi akasema anayakumbuka, ila hajawahi kuulizwa.

Kwa kweli moshi huu hatukuuanza sisi wala Waskoti. Waarabu waliuendeleza kwa karne nyingi, hasa kwa ajili ya dawa na marashi, na maneno yao yametapakaa duniani. Araki, ambalo lipo pia katika Kiswahili cha zamani cha pwani kwa maana ya pombe kali, kwa Kiarabu ni jasho. Hivyo Mwarabu alipotazama lile tone la mwisho wa mrija aliona jasho, na mtu wa Mkuranga aliona chozi, wote wawili wakiwa wamelipa chombo mwili wa binadamu. Neno alkoholi lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la wanja, ule unga laini wa machoni, ambalo baadaye wakemia wa Ulaya walilihamishia kwenye kiini kilichosafishwa cha kitu chochote.

Na upande wa pili wa maji, Pemba, kazi hiihii inafanywa mchana kweupe na hakuna anayejificha. Karafuu zikishachambuliwa, vile vikonyo vyake havitupwi. Vinaitwa makonyo, na huko Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachovipitisha mvuke na kutoa mafuta ya karafuu. Watu wanakiita kiwanda cha makonyo. Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, wazee wa Jabal Akhdar hukeneka maji ya waridi kwa vyungu juu ya moto wa kuni kila majira ya kuchipua. Pipa, mrija, baridi, tone. Anayepika waridi na aliyepika mabibo ni mafundi wa kazi moja. Mmoja anaheshimiwa sokoni, mwingine aliishi akikimbia askari, na kwa sababu hiyo tu maneno ya mmoja yanaweza kuandikwa na ya mwingine yanapotea.

Tulirudi Msasani usiku kupitia njia ileile, taratibu, bila mshikaki wala kuchomekea, na kijana hakuwa ameonja kitu zaidi ya maji na muhogo wa kuchoma. Hesabu ya siku hiyo niliilipa mimi.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilianzishwa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Moshi. Limefanya kazi kubwa, na keneka ni moja ya maneno ambayo ningependa kuyaona yakitoka kamusini yaende kwenye lebo, kwenye vitabu vya kemia na kwenye midomo ya wahandisi wa Chang'ombe. Lakini neno keneka peke yake ni kichwa kisicho na viungo. Linahitaji moshi, machozi, mrija, ndo ndo ndo na chururu, iliyotulia na iliyochacha, inayotangulia na ya mwisho. Maneno hayo yapo. Wenye kuyajua wamefikia umri ambao hatuwezi kuwaahirisha.

Nawaomba BAKITA, BAKIZA la Zanzibar na walimu wa vyuo vikuu wanaotuma wanafunzi wao kukusanya msamiati wa uvuvi na kilimo: watumeni pia Mkuranga, Kisarawe, Newala na Wawi, na wahakikishieni wazee kwamba daftari si hati ya mashtaka. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu aliyewahi kupika marashi, makonyo au gongo, keti naye wiki hii. Mwulize jina la kila chombo na la kila hatua, uliandike kama anavyolitamka, na usimsahihishe.